Ng'ombe Aliyelala Mapokezi

Mbamba Bay,
4 Mei 2025

Vigae vimefika! Maboksi kwa maboksi, vyeupe, vinang'aa mpaka nimejiona kichwa changu ndani yake nikaenda kusuka. Beata mwanangu, hapa ziwani hakuna ofisi yenye sakafu kama hiyo, na nimezunguka nikauliza.

Haya, sasa salamu. Hujambo mama yangu? Baridi ya huko Njombe inakupa nafasi ya kulala? Sisi huku tupo. Baba yako Cuthbert anakohoa kidogo ila anakula, na mwanaume anayekula mimi simwiti mgonjwa. Usipa, dagaa wetu wa ziwani, wamekuja wengi, nimekukaushia, wamo kwenye mfuko huu pamoja na barua. Usiwagawe wote kwa wenzako. Nakujua.

Nakukumbusha kwamba simu yako sipokei mpaka jengo liishe, na si kwa hasira. Ni uamuzi wa baba yako, siku ile tulipogombana kwa simu kuhusu rangi ya ukuta hadi majirani wakatoka nje na vijiko mkononi. Alisema, "Marselina, andikianeni. Kwenye karatasi mtu hamkatizi mwenzake." Basi mimi na darasa langu la saba nimeshika kalamu. Barua inapanda na Hiace mpaka Mbinga kwa Hasna, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, naye anaipakia kwenye basi. Hasna huyohuyo ndiye aliyeniuzia vigae. Akaniuliza, "Mama Beata, unajenga gesti?" Nikamwambia gesti wanajenga watu ambao watoto wao walikimbia hesabu. Mimi najenga kliniki ya mifugo, ya daktari wa mifugo niliyemzaa kwa tumbo langu hili.

Sasa sikia vilivyomo. Mapokezi kuna sofa nyekundu ya kukaa watu watatu. Mapazia mazito ya maua, yenye pindo la rangi ya dhahabu. Dari ya jipsamu na taa za duara. Mlango wa mbele ni wa mninga, umechongwa twiga wawili waliopishanisha shingo. Friji yako nayo imefika, nimeshaijaza soda.

Padre nimemwambia, kwaya nimeiambia, na shangazi zako wote wameanza kutafuta vitenge. Ufunguzi ni Jumamosi tarehe 12 Julai.

Ni mimi mama yako, nikiandika huku nimekaa juu ya boksi la vigae,
Marselina


Njombe,
16 Mei 2025

Shikamoo mama. Na baba mpe shikamoo yake, umwambie aende zahanati, kula si dawa ya kikohozi. Usipa nimewapata na nusu nimegawa, kama ulivyonijua. Nimekutumia parachichi na viazi. Huku shambani ng'ombe wanazaa mfululizo. Juzi nimezalisha ndama mapacha, wote wazima, na mikono yangu mpaka leo inauma hadi begani.

Mama, nakuomba vigae visiwekwe. Ng'ombe akiwa kwenye kigae kilicholowa ni sawa na wewe umevaa ndala juu ya lile jiwe la kufulia. Miguu ya nyuma inakwenda kila mmoja upande wake, msuli wa ndani ya paja unachanika, na ng'ombe mzito akianguka hivyo anaweza asisimame tena maisha yake. Ninachohitaji ni saruji. Ikiwa bado mbichi ichorwe mifereji inayokatana mshazari, halafu sakafu yote iiname kidogo kuelekea kwenye tundu la maji machafu. Si sakafu ya kupiga nayo picha, lakini mnyama anasimama.

Nje ya jengo nataka kibanio cha magogo, ng'ombe aingie, tumfungie, nimchome sindano bila kupigwa teke. Meza ya upasuaji iwe ya chuma kisichoshika kutu, maana mbao inakunywa damu na haioshwi ikatakata. Chumba cha mbwa anayeshukiwa kichaa kiwe nyuma, peke yake, mbali na pua za wenzake. Na friji ni ya chanjo, mama. Ukiweka soda itafunguliwa kila mtu akisikia kiu, na chanjo ikishapata joto nitakuwa nawachomea watu mbuzi wao maji ya bomba.

Sofa sijui niseme nini. Mbuzi ataila.

Lipo na jambo lingine. Bosi wetu anauliza nani atabaki. Mimi ananipa mkataba mrefu na nyumba ya kuishi, na anataka jibu kabla Septemba haijaanza. Bado sijamjibu.

Mwanao,
Beata


Mbamba Bay,
1 Juni 2025

Mapacha! Hiyo sehemu ya barua nimeisoma kanisani. Si ndani, nje, watu walipokuwa wanatoka, ila nilisimama pale pembamba wasipoweza kupita bila kusikia. Katekista akasema, "Mama Beata, tumefurahi, sasa tupishe."

Salamu mwanangu. Baba yako kaenda zahanati, kapewa dawa ya maji, kikohozi kimekimbia chenyewe kwa ubaya wa ladha. Viazi vyako vitamu. Mimi afya yangu ni ya msichana, ila magoti.

Kuhusu vigae, barua yako ilichelewa. Ilifika asubuhi ileile fundi Augustino alipoanza kupanga. Niliiona mezani. Nikasema nitaifungua akishamaliza, nisimchanganye mtu akiwa kazini. Basi ameshamaliza, na mimi nimeshafungua, na hali ndiyo hiyo.

Lakini Beata, nikwambie ukweli. Nimekulea kwenye sakafu ya udongo. Kila Jumamosi nilikuwa naisiriba kwa mkono, na wewe unatembea juu yake kabla haijakauka, na mimi nasiriba tena. Nikawa najisemea, huyu akifika atakakofika, chini yake patang'aa. Leo unaniambia nimwage saruji halafu niikwaruze kwa makusudi? Watu watasema Marselina aliishiwa akamalizia kwa uma.

Friji nimepunguza soda, zimebaki za Padre. Meza nimenunua ya mninga, ya kulia watu sita, ina kioo juu. Ng'ombe atapandaje, hilo ni lako, msomi ni wewe. Vyumba vya paka nimevijenga vitazamane na vya mbwa, wasichoke kuangalia ukuta. Mbwa wa kichaa nimempa chumba karibu na mapokezi, chenye dirisha, maana mgonjwa aliyefichwa nyuma hujiona hapendwi. Kibanio cha magogo sijajenga. Mbele ya mlango wenye twiga nitaweka magogo? Ng'ombe wa kwetu wana adabu, watasimama wakiombwa.

Mwishoni uliandika habari ya bosi. Hapo parachichi moja liliivia njiani likapondeka juu ya maneno, sikuona kitu. Basi tuonane tarehe 12 Julai.

Mama yako mwenye vigae vilivyokwisha kupangwa,
Marselina


Mbamba Bay,
22 Juni 2025

Beata, barua yako haijafika. Najua ni basi. Hasna wa Mbinga nimemtuma atafute mpaka chini ya viti. Kapata kiatu cha mtoto na mwavuli.

Salamu zako tunazipokea hivyohivyo bila kuziona. Huku wote wazima. Baba yako anauliza kila jioni, "Kajibu?" Mimi namjibu kwamba daktari ana kazi nyingi, yeye anafikiri ng'ombe wanasubiri?

Nimepata wazo. Nitakutumia picha, na ukiiona utanyoosha mikono. Mzee Ildefonsi, yule wa nyumba ya bati jekundu ambaye mke wake alifariki mwaka juzi akamwachia wajukuu wanne na ng'ombe mmoja wa maziwa, amekubali kumleta ng'ombe wake apigwe picha ndani ya mapokezi. Unamkumbuka ng'ombe mwenyewe? Mweusi, na weupe umemzunguka uso kama utaji, watu wakamwita Sista. Ana heshima zake huyo ng'ombe. Wajukuu wanne wananyonya kwake, na chai ya nusu ya mtaa huu inatoka kwake.

Picha ikiwa tayari naituma. Wewe andika tu, hata mstari mmoja.

Mama


Mbamba Bay,
5 Julai 2025

Mwanangu salamu. Sisi wazima. Baba yako mzima. Nyumba nzima. Ziwa limetulia.

Nakuletea habari njema kwamba Sista alikuja juzi kwa ajili ya picha. Nilikuwa nimepiga deki tangu asubuhi, vigae vinameremeta. Mzee Ildefonsi akasimama mlangoni na kamba, akatazama chini, akaniuliza, "Mama Beata, huyu atasimama hapa?" Nikamwambia, "Mzee, hapo atasimama hata mgeni wa serikali. Mlete."

Sista akaingia. Akainamisha kichwa, akajiona kwenye kigae. Nadhani alijipenda, maana aliamua kukaa. Alikaa kwa haraka kidogo. Mguu mmoja wa nyuma ulielekea kwenye sofa na wa pili ulielekea kwenye friji.

Tangu hapo ameipenda kliniki yako, hataki kuondoka. Yupo mapokezi, ametulia, anatafuna majani tunayomletea, ingawa si sana. Tulijaribu kumsaidia kuinuka aende kwao akaona haina haja. Mzee Ildefonsi naye amehamia na mkeka wake. Nimemwambia akae kwenye sofa, akakaa chini karibu na kichwa cha ng'ombe. Wajukuu wake wanakuja na kikombe, wanachungulia mlangoni, wanarudi.

Picha haikutoka vizuri. Sherehe ya tarehe 12 nimeisogeza mbele hadi 9 Agosti, kwa sababu Padre ana mafua.

Mama yako


Njombe,
8 Julai 2025

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama getini. Sitaandika mengi kwa sababu nampigia baba simu sasa hivi. Sheria ya simu ni ya kwangu na ya kwako, baba hayumo.

Swali moja, unijibu kwa karatasi: tangu juzi yako hiyo, Sista amesimama hata mara moja?

Beata


Mbamba Bay,
20 Julai 2025

Baba yako ameota akili! Mtu niliyeishi naye miaka yote hii, hajui kumfunga hata kuku, ghafla kawa profesa. Sijui nani kamfundisha, na simuulizi.

Salamu mwanangu. Kaa kitako nikusimulie.

Siku moja nilikuwa napika. Nasikia nyundo kliniki. Nakimbia, namkuta Cuthbert anang'oa mlango wa mbele. Nikapiga kelele, "Cuthbert, huo mlango!" Akasema, "Ndiyo, mlango. Kalete na mapazia." Yeye na vijana wa nyavu wameulaza chini, twiga wangu uso kwenye vumbi, wakamviringisha Sista juu yake taratibu, kichwa kikiwa mapajani mwa Mzee Ildefonsi. Vijana wakafunga kamba kwenye bawaba wakauvuta kama wanavyovuta juya, wanaimba kabisa, mpaka ufukweni chini ya lile banda la kuanikia samaki. Pale mchanga ni mwingi na laini. Baba yako akasema mchanga ndio godoro la ng'ombe, kwato zinashika na ngozi haichubuki. Nikamwuliza umejuaje, akasema ameota.

Halafu akachukua pazia langu, lile lenye pindo la dhahabu, akalichana. Akamfunga Sista miguu ya nyuma, siyo kwa kubana, kwa kuiachia nafasi kama hatua fupi, ili akijaribu kuinuka isiachane tena. Pazia la pili likawa la kumvutia. Wakawa wanamgeuza upande huu na upande ule mchana kutwa, asife ganzi kwa uzito wake mwenyewe. Nami nilibeba maji na pumba. Nilimkanda mapaja kwa maji ya moto kwa mikono yangu miwili, na wewe unajua mimi na ng'ombe.

Mzee Ildefonsi hakunisemesha. Nilimpelekea uji, akaupokea, akanywa, akarudisha bakuli limeoshwa. Beata, afadhali angenitukana. Nimezoea matusi, nina majibu yake. Bakuli lililooshwa sina jibu lake. Na watoto wale wanne, chai yao ya rangi, mkubwa akawa ananiamkia, "Shikamoo bibi," kama hakuna kilichotokea. Nikaanza kupita njia ya nyuma.

Leo alfajiri nimesikia kelele ufukweni, nikajua amekufa. Nimekimbia bila khanga ya juu. Nafika, Sista amepiga magoti ya mbele, baba yako na vijana wamembeba nyuma kwa pazia, anatetemeka mwili mzima, mchanga unamruka. Mzee Ildefonsi ameshika pembe, anamwambia kwa Kinyasa maneno ambayo nadhani alikuwa akimwambia marehemu mkewe. Sista akanyanyua mguu mmoja. Akanyanyua wa pili. Akasimama! Beata, pwani nzima ilipiga vigelegele hata waliokuwa majini. Mimi machozi yalinitoka kwa sababu ya mchanga kuingia machoni.

Jibu la swali lako ni hilo. Kabla ya leo, hapana.

Sherehe ya Agosti nimeifuta. Padre mafua yake ni ya muda mrefu.

Sasa, ile michoro ya sakafu uliyoitaja zamani, kina chake ni kidole kimoja au viwili? Siulizi kwa sababu yangu. Ni fundi Augustino, anapenda tu kujua mambo.

Mama yako,
Marselina


Njombe,
2 Agosti 2025

Shikamoo mama yangu. Shikamoo na kwa baba, profesa wa ndotoni. Nimecheka peke yangu, halafu nikalia peke yangu, na huku hakuna mchanga.

Mwambie fundi Augustino anayependa kujua mambo kwamba mfereji usizidi upana wa kidole, na kina kisifike hata hapo ukucha unapoishia. Kutoka mfereji hadi mfereji nafasi iwe kama kiganja. Ichorwe mshazari, kutoka pembe hadi pembe, halafu irudiwe kwa upande wa pili ikatane, ili mguu wa ng'ombe ukiteleza popote unapoelekea ukutane na ukingo. Kingo alainishe kidogo zisikate kwato. Na mteremko asiusahau. Ndoo ya maji ikimwagwa mlangoni ifike kwenye tundu bila kusukumwa. Sista asifungwe miguu tena akianza kutembea vizuri, na asilazwe penye simiti tupu.

Sasa niseme nililolinyamazia mwezi wa sita. Basi halikuwa na kosa. Barua yako ya meza ya mninga na mbwa wa kichaa niliipata, nikaiweka chini ya mto. Nilianza kukujibu nikachana, nikaanza tena nikachana. Hapa nina kibanio, nina mfereji, nina meza ya chuma, na hakuna anayenitundikia mapazia. Lakini hapa ng'ombe wana namba masikioni. Hakuna anayelala na mkeka karibu na kichwa chao.

Mama, sikuogopa kurudi Mbamba Bay. Niliogopa kurudi nikawa mgeni kwenye sebule yako, nakaa pembeni ya sofa na koti langu jeupe, nasubiri uniambie nishike nini na nisiguse nini. Bosi anauliza kila Jumatatu. Siku zinakwisha.

Habari ya bosi nimeiandika kwa herufi kubwa hapo juu, na mara hii sijatuma parachichi.

Mwanao,
Beata


Mbamba Bay,
24 Agosti 2025

Vigae vimetoka! Vyote! Augustino alitaka kulia, nikamwambia lia huku unang'oa.

Hujambo daktari? Sisi wazima, na Sista mzima kuliko wote. Anachechemea kidogo asubuhi kama mimi, mchana anasahau. Maziwa yamerudi, si kama ya zamani, lakini vikombe vinne vinajaa. Mzee Ildefonsi ameletea nyumba hii chupa moja. Aliiweka mlangoni akaondoka. Nimeinywa mwenyewe, baba yako nimempa iliyobaki.

Nilipanda Mbinga kununua saruji. Hasna ananiona, "Mama Beata, gesti imeanguka?" Nikamwambia haikuanguka, imesoma. Akanipimia saruji anacheka mpaka mtandio unamdondoka.

Sasa kuhusu sakafu, mimi nina jambo la kukufundisha na wewe. Augustino alikuwa anachora mistari yako ya mshazari, inakatana, vinatokea vishimo vishimo vya pembe nne. Mimi nimesimama mlangoni na kikombe. Nikasema, hivi vitu navijua! Hizi ni ngoro. Kwetu mlimani Mbinga mama yangu alikuwa analima hivihivi, shamba zima mashimo na matuta yaliyokatana, kwenye mteremko ambao mbuzi anapita akiomba Mungu, na mvua ikija udongo hauendi popote. Nimeshika jembe kwenye ngoro nikiwa na meno ya utoto. Na mimi nikaja ziwani kuolewa nikanunua vigae! Nikampokonya Augustino ufito wake wa kuchorea nikachora safu tatu mwenyewe, karibu na tundu la maji. Utaziona, ndizo zilizonyooka. Sasa nawaambia watu kwamba ni kliniki ya kwanza hapa ziwani yenye ngoro ya saruji, na kwamba wazo limetoka kwenye ukoo. Usinikatalie mbele za watu.

Ilipokauka nilimwaga ndoo mlangoni. Maji yalikwenda yenyewe kama yanaitwa. Nikamwaga ya pili kwa raha tu.

Halafu nikaenda kwa Mzee Ildefonsi, kwa njia ya mbele. Nikamwambia, "Mzee, sikuombi kitu. Kliniki iko wazi, nami sitakuwepo." Nikakaa kwangu kwenye kibaraza, naona kwa mbali. Alikaa muda mrefu mlangoni. Akavua kandambili, akajaribu yeye mwenyewe kwanza, miguu mitupu, akiburuza na kusukuma kama mtu anayetaka kuanguka kwa nguvu. Akatoka. Akamleta Sista. Beata, aliingia, akasimama katikati, akakojoa. Mzee akageuka kibarazani kwangu akapaza sauti, maneno ya kwanza kwangu tangu ile siku: "Mama Beata! Hapa anasimama!"

Kibanio kimejengwa, cha magogo, mbele kabisa. Kinapendeza kuliko nilivyodhani. Meza ya mninga nalia chakula mimi, ya chuma ameitengeneza mchomeleaji wa Mbinga na Hiace imeileta juu ya kichwa. Paka wamehamia upande mwingine wasione mbwa. Mbwa wa kichaa kapelekwa nyuma. Naomba asijisikie vibaya. Friji haina soda, ya Padre nimeinywa. Sofa ulisema mbuzi ataila. Ameila. Mlango umerudi mahali pake, mikwaruzo yote ipo, na twiga mmoja amepoteza pua. Augustino alitaka kupiga msasa nikamkataza. Mapazia hayapo, na hayatarudi.

Ile sehemu ya barua ya mwezi wa tano, ya bosi, nilichukua kitambaa nikafuta parachichi. Imesomeka. Ilikuwa inasomeka tangu mwanzo. Nyumba wanayokupa ina vyumba vingapi? Hapana, usiniambie. Jibu ni lako na karatasi yako, mimi siwezi kukukatiza.

Ndani ya mfuko wa usipa, chini kabisa, kuna kitambaa kimefungwa fundo. Ni ufunguo wa kliniki. Augustino alichonga miwili. Wa pili nimeutupa ziwani baba yako akishuhudia, akaniita mwehu. Kwa hiyo ndani sasa haingii mtu, hata mimi, hata nikipata sofa nyingine nzuri. Nachungulia tu dirishani.

Watu wananiuliza siku. Padre kapona, anauliza. Kwaya inauliza. Nimewaambia siku sijui, na hawajaamini kwamba ni mimi nimesema hivyo.

Mama yako,
Marselina


Njombe,
31 Agosti 2025

Ufunguo ninao! Upo shingoni kwenye uzi, unanuka usipa, na ng'ombe mmoja hapa amejaribu kuulamba.

Shikamoo mama. Shikamoo baba. Nimechelewa kuwaamkia kwa sababu nimetoka ofisini kwa bosi sasa hivi. Kasikitika, kisha akaniuliza ngoro ni kitu gani, maana nimemwonyesha barua yako. Nikamchorea. Anataka kuijaribu kwenye zizi la ndama, na nimemwambia wazo limetoka kwenye ukoo.

Safu zako tatu nitazikagua nikifika. Baba aninunulie mchanga ujazwe nyuma, chumba cha kulaza ng'ombe wagonjwa. Wewe usinunue kitu. Ukizidiwa kabisa, nunua ndoo.

Padre mwambie, na kwaya, na shangazi na vitenge vyao. Hasna ashuke kutoka Mbinga aone gesti yake. Mzee Ildefonsi aje na wajukuu wote wanne, na Sista aje kwa miguu yake, aingie wa kwanza kabla ya Padre. Mlango nitaufungua mwenyewe, Jumamosi, tarehe 27 Septemba.

Beata